Kocha Keshakwenda Nizwa

Mlango ulifunguliwa, lakini aliyefungua hakuwa Khelef.

Alikuwa Fatin!

Hilali alirudi nyuma, akashika ukuta. Fatin, ndugu yake wa toka nitoke, mke wa Khelef, ambaye mji mzima wa Ibra ulijua yuko Maskati kwa binti yake analea mjukuu mchanga! Anafanya nini katika nyumba ya kupanga Nizwa?

Alichokwenda kukitafuta Hilali ni jawabu. Juzi katika majlisi, baraza la mashabiki wa klabu ya Nasim ya Ibra, kijana Aws alitoa simu yake akawaonesha watu picha: Khelef, kocha wao wa miaka yote, anapeana mkono na rais wa Qalaa ya Nizwa, mahasimu wao wakubwa, mbele ya lango la klabu hiyo. Wengine walisema picha ya kutengenezwa. Wengine walimwita msaliti papo hapo. Hilali ni mkuu wa mashabiki, na huyo kocha ni shemegi yake. Alisimama katikati yao akaapa: nakwenda Nizwa mwenyewe, namuuliza uso kwa uso, na nitakalolikuta nitakuleteeni kama lilivyo.

Sasa yuko kwenye mlango alioelekezwa na bawabu wa Qalaa, na swali alilokuja nalo limempotea.

"Kaka," alisema Fatin. "Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini? Nimekuja kumtafuta mumeo. Weye si uko Maskati?"

Fatin alishika mlango kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka. Chini ya macho amevimba, na ngozi imempauka. Mtandio ulimteleza begani, mkono wa kushoto ukaonekana. Umefungwa bendeji nyeupe kuanzia kiwikoni kwenda juu.

Hilali aliutazama ule mkono. Hakuhitaji kuelezwa. Bendeji kama ile aliiona miaka na miaka kwenye mkono wa marehemu mkewe, Mahbouba, tangu mashine ilipoanza kumsafisha damu hata siku aliyofumba macho.

"La," alisema. "La, Fatin. La."

"Ingia ndani, kaka. Majirani wanatazama."

*

Fatin alitaka kwenda kumletea kahawa. Hilali akamshika, akamkalisha.

"Toka lini?"

"Toka kabla ya Ramadhani."

"Ramadhani! Na mie kila nikikupigia simu nakuuliza, mtoto hajambo? Analala vizuri? Nawe unanijibu, hajambo kaka, kazidi kunenepa!"

"Kanenepa kweli. Naletewa picha."

Hilali alitaka kucheka, kicheko kikamgeukia kilio. Aliinama akajifuta uso kwa ncha ya kilemba chake.

"Kwa nini hukuniambia, Fatin? Mie nani wako?"

"Nikwambie nini? Nilikuwepo, kaka. Mie ndiye niliyekuwa nikilala na Mahbouba hospitali, nikimkanda miguu. Siku aliyofariki nilikuona. Ulikaa na viatu vyake mapajani toka adhuhuri hata magharibi, hukutaka mtu akupokee. Nikasema moyoni, huyu hatoweza mara ya pili. Nikamwambia Khelef, ajue ajuaye, kaka asijue."

"Na watu wa Ibra?"

"Ibra mtu akipiga chafya, hata Al Mintirib, mji wa jirani, wanamwitikia! Ningewaambia wao ingekuwa nimekwambia weye. Ndiyo tukaja hapa. Hapa sijulikani. Siku za mashine Khelef huja akanipeleka, akanirudisha, akanilaza, kisha huyo, njia nzima kurudi Ibra kufundisha mazoezi."

Hilali aliyakumbuka hayo mazoezi. Aliikumbuka miezi ambayo Khelef alikuwa akifika uwanjani mazoezi yameshaanza, macho mekundu, kanzu imekunjamana, na mashabiki wakinung'unika kwamba kocha kazeeka, kocha kachoka. Yeye alikuwa akiwakemea: nyamazeni, mtu ana mambo yake! Asijue mambo yenyewe ni ya nyumbani kwao.

Mlango wa nje ulifunguka. Khelef aliingia na mfuko wa makomamanga mkononi. Aliviona viatu kizingitini, akavitambua, akasimama.

"Shemegi," alisema kwa sauti ndogo. "Umekuja."

"Nimekuja."

Walitazamana. Walikuwa wameanza kutazamana hivyo wakiwa wadogo, kabla Khelef hajawa kocha, kabla hajamwoa Fatin, walipokuwa wakicheza mpira wa matambara Unguja na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona Oman.

"Picha ya kweli?" aliuliza Hilali.

Khelef angeweza kusema si kweli. Hilali angeamini. Alikuwa anataka kuamini.

"Ya kweli."

"Ulikwenda kumwamkia mtu tu. Sema ulikwenda kumwamkia."

"Nimekubali kazi, Hilali. Msimu ukisha naanza Qalaa."

Hilali aliruka akasimama. Huruma yote iliyokuwa imemjaa iliwaka moto.

"Qalaa! Katika timu zote za dunia! Na sie tuliokupigania? Mie nimepiga kelele hata koo limefanya vidonda! Tumemfukuza Turki kwa ajili yako, Khelef! Mtu kaja na mali yake, taa za uwanja, basi jipya, chuo cha mpira cha watoto, tumemwambia kwaheri. Kwa ajili yako!"

"Najua," alisema Khelef. "Hilo ndilo lililonimaliza."

*

Turki ni yule tajiri mwenye kambi za watalii kwenye michanga ya Al Mintirib. Mwanzo wa mwaka alikuja Nasim akitaka kuwekeza. Habari zilipoenea kwamba katika masharti yake mna kocha kutoka nje, mashabiki walichafuka. Siku aliyofika kuzungumza na kamati walimngoja uwanjani na ngoma. "Khelef kwanza! Khelef kwanza!" Aliyeshika ngoma kubwa alikuwa Hilali. Turki hakushuka hata garini. Aliteremsha kioo, akamwambia mwenyekiti wa klabu jambo lihesabiwe limekwisha, akaondoka.

"Yule kocha mgeni mliyempigia kelele," alisema Khelef, "nilimwomba mie."

"Ulimwomba weye?"

"Alikuwa aje kuwa msaidizi wangu tu. Nilikwenda kwa Turki nikamwambia, mke wangu mgonjwa, siku za mashine siwezi kuwepo, nitafutie mtu wa kunishikia timu siku hizo. Akakubali. Akasema mkataba wangu utaongezwa, na huyo mtu atakuwa chini yangu. Nikamwomba kitu kimoja tu, asimwambie mtu sababu."

"Khelef..."

"Hakusema. Mmemtukana, mmempigia ngoma kama mwizi, naye neno moja tu la kusema na nyote mngenyamaza. Hakulisema. Kaitunza siri yangu mtu yule."

Hilali alirudi kukaa, polepole, kama mzee.

"Alipoondoka Turki," Khelef aliendelea, "kamati ikaniambia haina cha kunipa. Mkataba ungoje. Nimengoja. Kila wiki nawauliza, kila wiki wananiambia subira. Qalaa wakaniita. Uwanja wao na hospitali ni jirani, hata gari hutaki. Naweza kumpeleka, nikafundisha, nikarudi nikamkuta hajaamka. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia mie! Peke yangu!"

"Ningekwambiaje? Kukwambia la Turki ni kukwambia la Fatin. Yamefungana kamba moja."

Hilali aliitazama mikono yake. Mikono hiyo ndiyo iliyoipiga ile ngoma. Alikuwa na furaha siku ile! Alirudi nyumbani akila kwa hamu, akajiambia, leo nimemtetea ndugu yangu.

Fatin alimgusa begani.

"Kaka. Watu wanakungoja. Utawaambia nini?"

"Kweli. Nitawaambia yote, kama nilivyoyakuta. Nimewaapia."

"Usiwaambie yangu."

"Fatin, watamla nyama mumeo!"

"Na wanile," alisema Khelef. "Mie naweza kuitwa msaliti. Yeye hawezi kuitwa masikini Fatin. Si unamjua dada yako?"

"Watakuja na mabasi, kaka, wake kwa waume, wanitazame nilivyokauka," alisema Fatin, akauvuta mtandio juu ya bendeji. "Wale ndio niliowapikia kila tulipotwaa kombe. Waache wanikumbuke vile."

"Na jengine," alisema Khelef. "Wakijua kwamba mtu waliyemfukuza ndiye aliyekuwa akitusaidia, unadhani watalala? Musallam, aliyenipa wanawe niwafundishe, atalala? Bora wanichukie mie, shemegi, kuliko wajichukie wenyewe. Kuchukia kwa mpira hupita. Kule kwengine hakupiti."

Hilali aliweka mkono juu ya kichwa cha dada yake, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa watoto Vikokotoni, Unguja, na Fatin akiogopa radi.

"Sitosema," alisema.

*

Baada ya swala ya alasiri majlisi ya Nasim ilikuwa imejaa hata vizingitini. Viatu vimetapakaa nje, birika za kahawa zinapita, na hakuna aliyekuwa akinywa. Hilali alizisikia sauti zao tangu anashuka garini.

"Mimi nilisema zamani, wallahi!" Huyo alikuwa Aws, mwenye picha, kijana wa benki aliyezaliwa Ibra, na Kiswahili chake cha kuokoteza kwa bibi yake. "Timu inataka pesa, yaani. Turki alikuja na pesa, nyinyi wazee mkasema la, Khelef, Khelef. Haya! Khelef iko wapi? Mkataba yake iko wapi?"

"Chunga ulimi, mwana wee!" Huyo alikuwa Musallam, Mpemba, askari mstaafu, ambaye wanawe watatu wote wamepita mikononi mwa Khelef. "Pesa yanunua taa. Pesa yanunua basi. Yaweza kununua mtu wa kumfuata mtoto kwao akamwambia rudi skuli, kisha ndo uje kwenye mpira? Mwanangu mkubwa leo daktari. Kamrudisha nani skuli?"

"Ammi Musallam, klabu si skuli!"

"Ndo maana hamushindi!"

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Kisha walimwona Hilali mlangoni, na kicheko kikakatika.

"Shikamoo, ammi," alisema Aws.

"Marahaba."

Walimpisha njia. Musallam alijisogeza mkekani, akapigapiga nafasi iliyo karibu yake, uso umemchangamka.

"Karibu, Hilali. Kaa. Haya waambie hawa watoto. Waambie ni uongo mtupu."

Hilali hakukaa.

"Ni kweli," alisema. "Keshakwenda."

Nje gari lilipita, likatokomea.

"Keshakwenda wapi?" Musallam aliuliza, kana kwamba hakusikia.

"Nizwa. Qalaa. Msimu ukisha anaanza huko. Nimemuuliza, kanijibu mwenyewe."

"Kwa sababu gani?"

Mbele ya macho yake Hilali aliuona mkono wa Fatin.

"Hilali, nakuuliza. Mtu haachi nyumba yake bila ya sababu. Nambie sababu yoyote nami naiamini. Mgonjwa? Kakosana na kamati? Nambie!"

"Sababu siijui," alisema Hilali.

Lilikuwa neno zito kuliko yote aliyowahi kuyasema katika maisha yake, na lilitoka jepesi, kama pumzi.

"Pesa," alisema mtu kutoka nyuma. "Ni pesa tu."

Wote walimtazama Hilali. Alitakiwa akanushe. Alitakiwa aseme, Khelef si mtu wa pesa, nyote mnamjua. Alinyamaza, nao wakakichukua kimya chake wakakifanya jawabu.

Hapo pakafurika. Miaka yote ile waliyompenda Khelef iligeuka ndani ya dakika ikawa shutuma. Kumbe ndiyo maana alikuwa akichelewa mazoezini! Kumbe ndiyo maana tulifungwa na Qalaa! Kumbe kesha kututupa zamani, na sisi tunampigia ngoma! Hilali alisimama katikati ya maneno yale kama mtu aliyesimama katika wadi, bonde kavu la mto, maji yanaposhuka, na kila neno lilimpiga yeye.

"Picha itoke," alisema Aws.

Ukutani, mkabala wa mlango, ilitundikwa picha kubwa ya Khelef na kombe, mvua imemlowesha, anacheka. Hakuna aliyeinuka. Picha ile aliitundika Hilali kwa mkono wake.

"Aitoe mwenyewe," alisema mwengine. "Shemegi yake ndiye. Tuone kama yuko nasi au yuko nao."

Kiti kililetwa. Hilali alipanda. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaiinua kwenye msumari, akaishusha. Nyuma yake ukuta ulibaki mweupe, mraba mtupu katika rangi iliyochakaa.

Alitarajia watapiga makofi. Hakuna aliyepiga.

Musallam aliinuka kwa tabu, akatoka bila ya kuaga. Kule mlangoni walimsikia akipapasa viatu vyake, mara moja, mara mbili, asivione. Na Aws, yeye aliyetaka picha itoke, aligeuza uso ukutani. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Yeye alikuja kwetu siku babangu alipofariki," alisema kwa Kiarabu, si kwa mtu yeyote. "Alikaa na mimi siku zote tatu."

"Ijumaa," alisema sauti nyengine, "atakapotoka na timu uwanjani, tumgeuzie migongo. Uwanja mzima. Hilali atupigie ngoma."

"Atapiga," wakaitikia. "Hilali, utapiga?"

"Nitakuwepo," alisema Hilali, akaikumbatia picha, akatoka.

*

Alyaa, binti yake wa pekee, alimkuta uani amekaa kwenye ngazi, gari hajalifunga mlango, na picha ya Khelef imelala magotini. Alyaa ni mwalimu wa hesabu. Kachumbiwa, na harusi yake ni baada ya Idi ya kuchinja. Ndani ya nyumba masanduku ya nguo yalikuwa yameshaanza kupangwa.

Alikaa kando ya babake. Hakuuliza picha ya nini.

"Umemwona shangazi," alisema.

Hilali aligeuka kwa ghafla.

"Weye unajua?"

"Najua toka mwanzo. Siku ambazo ami Khelef ana mechi, mimi ndiye ninayempeleka kwenye mashine. Nilikuwa nakwambia nakwenda Nizwa kwa mambo ya harusi."

"Hata weye!" alisema Hilali, lakini hakuwa na nguvu tena za kukasirika. "Nyote mmenificha. Nyote. Na leo mie nimemwuza Khelef mbele za watu, Alyaa. Nimesimama kimya nikamwuza. Ijumaa wanataka nimpigie ngoma ya aibu. Na dada yangu anakufa kama alivyokufa mamako, akingoja figo ambayo haiji."

Alyaa aliiondoa ile picha magotini mwa babake, akaiegemeza ukutani.

"Baba, nisikilize. Figo imepatikana."

Hilali alimtazama kama hakuelewa Kiswahili.

"Nini?"

"Imepatikana. Damu imelingana, kila kitu kimelingana. Madaktari wamesema tukiwa tayari, hata mwezi ujao."

"Alhamdulillahi!" Hilali alisimama, akaketi, akasimama tena, anapapasa mfuko wa kanzu. "Iko wapi simu yangu? Hebu nimpigie Fatin! Nimpigie Khelef! Ya Rabbi, Musallam naye ajue..."

"Usipige!" Alyaa alimshika mkono. "Shangazi hajaambiwa. Akijua atakataa."

"Akatae! Akatae uhai? Kwa sababu gani?" Hilali alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, machozi yanamshuka ndevuni. "Nani mtu huyo, mwanangu? Nambie nani. Nimwendee sasa hivi popote alipo, nimbusu mikono yake yote miwili!"

Alyaa alinyoosha mikono yake mbele ya babake, ile mikono iliyokuwa ikingoja hina ya harusi, akaiacha hapo, viganja juu.